Usipandishe, Usishushe

Deki ya Kalunde ilikuja kwenye beseni,
imefunikwa khanga kama maandazi ya moto.
Nilipofungua kifuniko: vumbi jekundu la Isevya,
mabawa ya mende, sarafu ya mjukuu,
na harufu ya tumbaku, maana miaka mitatu
ilikaa stoo, juu ya marobota.

"Kichwa kichafu tu," nikamwambia.
"Hata changu," akajibu, akavuta kigoda.

Ngoma ya deki si ya kupigwa.
Ni chuma king'avu, kimeegama upande,
na vichwa vyenyewe ni vijino viwili
vidogo kuliko punje ya ulezi.
Pamba haitakiwi: nyuzi zake hunasa, zikang'oa jino.
Nakata ngozi laini, nachovya spiriti,
naituliza pale kwa kidole kimoja;
ngozi itulie, ngoma ndiyo itembee.
Usipandishe. Usishushe.
Niliwahi kupandisha, Sikonge, nikiwahi basi.
Nililipa mbuzi wawili.

Ngozi ikatoka nyeusi. Nikakata nyingine: kahawia.
Ya tatu ikatoka kama nilivyoiingiza.

Ndipo akasema anachotafuta:
harusi yake, mwaka tisini na nne, saa ya kutunza.
Wifi yake Nyamizi anadai ile cherehani
alimwazima tu, hakuitoa zawadi,
na anaitaka, pamoja na miguu yake ya chuma.
"Ilitangazwa kwenye kipaza sauti. Kanda itasema."

Deki ikameza, ikaguna.
Wakaja mashangazi na masufuria vichwani,
vitenge, mikeka, jogoo mwenye hasira,
rangi zimekolea hadi Kalunde
akapiga kigelegele peke yake.
Akaja Nyamizi, mwembamba, anacheka,
nyuma yake vijana wawili wamebeba kitu kizito

chenga. Mistari myeupe.
Sauti ikazama kama ndoo iliyokatika kamba.
Picha ilipoibuka, watu wanakula.

Nikasafisha tena. Ngozi safi.
"Umewahi kuisimamisha hapa?"
Kimya. Treni ya Mpanda ikapiga honi.
"Kila tukigombana. Naisimamisha, namwonyesha.
Anakataa. Narudisha, namwonyesha tena."

Kanda ikisimama, kichwa hakisimami.
Kinazunguka palepale, kinakwangua palepale.
Sikumwambia. Nilimdai elfu tano,
nikaanza kutafuta skrubu za kifuniko.

"Rudisha kidogo," akasema.
"Pale Nyamizi anapocheka.
Usisimamishe."