Daftari la Idwal

Idwal Prosser anaandika kwa kalamu ya risasi,
daftari lile lile tangu mgodi wa Cwm Dulas ufungwe:
sabini na moja kwa mia. Sitini na tatu.
Arobaini na nane.
Jana usiku, ishirini na tisa.

Makao makuu wanataka sababu, kabla ya Ijumaa.
Aandike nini? Kwamba mvua ilinyesha?
Mvua ya Wales hainyeshei chama kimoja.

Aandike kwamba mgombea alishuka treni saa nne,
akapigwa picha langoni mwa mgodi, saa sita hayupo?
Kwamba orodha yetu ina wanachama arobaini,
kumi na mmoja wamelala nyuma ya kanisa,
na hakuna kiongozi aliyekuja kuwazika?

Zamani tulibisha hodi hata pasipo uchaguzi:
bomba la Bi Olwen, fidia ya mapafu ya Emlyn.
Sasa tunabisha Aprili tu,
na mbwa waliotulamba viganja
wanatubwekea.

Morfydd anamwekea chai, hakai.
"Safari hii," anasema, "hata mimi sikwenda."

Kalamu ilikuwa imechongeka tayari.
Anaichonga tena.