Verlassen

Bwana Detlef, mgeni wangu wa Jumanne,
amesimama kwenye ngazi ya udongo, Birkat al-Mauz,
kofia mkononi, anazitafutia kuta neno:
verlassen, asema. Das verlassene Dorf.

Nalijua. Nililikuta darasani Maskati,
ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikidondoka ndooni.
Mwalimu Irmgard aliandika ubaoni:
kitendo kilichokwisha,
kikavishwa nguo za sifa, kikatumwa mbele ya jina.
Wao hubadilisha mkia, -e, -en, -es.
Sisi hubadilisha kichwa: kilichoachwa, zilizoachwa,
aliyeachwa.

Hapo kalamu yangu ilisita.

Maana hiyo w ndogo ina mdomo:
kimeachwa na nani? Lini? Kwa kosa gani?
Neno lao haliulizi. Limefunga mlango,
limeondoka na ufunguo.

Shangazi zangu wa Ruwi wanalo la kufanana nalo.
“Thuwaiba ameachika,” hunong’onezana wakimenya vitunguu,
kama kusema kikombe kimevunjika,
chenyewe, kabatini, hakuna aliyekigusa.
Mimi husema niliachwa.
Na Nasour. Alhamisi. Kwa simu,
nikiwa foleni ya mkate.

Basi namwambia mgeni: kwetu hapa pangeitwa mahame,
mahali ambapo watu walihama,
na kuhama si kuacha.
Walishuka tu mita mia mbili, kwenye umeme na bomba,
wakabeba milango yao.
Anaandika. Sijui anaandikaje.

Ngazi inamwaga vumbi. Mzee wa watu anayumba,
ananyoosha mkono:
Ich verlasse mich auf Sie.

Naganda.
Neno lilelile! Ila limemezeshwa kijineno, mich,
na tumbo limegeuka:
najiacha juu yako. Yaani nakutegemea.
Mwalimu Irmgard hakufika ukurasa huo,
au alifika siku ile nilipokuwa kwa kadhi.

Chini yetu Shafiqul anaziba falaji kwa tambara na jiwe,
maji yanakata kona, migomba inapata zamu yake
ya nusu saa, kama ilivyopata jana.
“Hakuna anayeishi hapa?” auliza mgeni.

Namshika kiwiko.
Taratibu, namwambia, kanyaga ninapokanyaga.
Vidato vilivyobaki ni kumi na kimoja.