Kuku Ana Tarehe Yake

Afande, kuku wangu ametotoa.

Sikuja kukuambia hilo. Nimekuja kuuliza jina langu,
Perisi Chibago, wa Mpunguzi, daraja D,
yule uliyemwambia mwezi wa pili arudi mwezi wa tatu,
na wa tatu ukamwambia gari la mtihani liko gereji,
na wa nne ukamwambia, mama, orodha ni ndefu,
ukainua daftari nilione
kama mzazi anayeonyesha kichanga.
Nilikuwa ukurasa wa tisa.
Nililisoma jina langu likiwa kichwa chini.

Kirikuu ni yangu. Marehemu aliniachia hiyo
na zabibu ekari moja na robo.
Iko ubavuni mwa nyumba, pua imeelekea barabara ya Iringa.
Kila Jumamosi niliiwasha dakika kumi, betri isife.
Ilinguruma, haikwenda.
Majirani walizoea. Wakisikia, husema:
Perisi huyo, anasafiri.

Zabibu hazisomi daftari.
Zilipoiva nilimkodi Lameki, mwenye leseni.
Akakaa kwenye kiti changu, akavuta kiti nyuma,
akarudi jioni na hesabu pungufu ya kreti mbili
na harufu ya chipsi.
Barabarani kuna mengi, dada, akasema.
Najua. Hayo mengi ndiyo ninayoyapangia foleni.

Leseni ya kujifunzia iliisha muda mkobani. Nikalipia nyingine.
Nayo ikaisha. Nimezilaza pamoja
kwenye bahasha ya cheti cha kifo.

Mwalimu wa chuo alinionya: ukikaa sana, mguu unasahau.
Wangu haujasahau. Usiku unakanyaga klachi,
na mwanangu Nyemo amehamia upande wa ukutani,
anasema, mama, umenigonga tena.
Nikisonga ugali naingiza gia ya pili.
Bombani narudi kinyumenyume kati ya madumu mawili,
natazama bega la kulia, bega la kushoto,
na sijawahi kuangusha dumu.
Wanawake wanapiga vigelegele.
Tatizo lao hawana muhuri.

Siko peke yangu, unatuona kwenye uzio.
Sospeteri aliahidiwa boza la maji kule Mtumba.
Boza halikumngoja, lilipata mtu ndani ya wiki.
Sasa anatuuzia maji ya chupa sisi tunaokungoja,
na foleni yako anaijua kuliko unavyoijua.
Na yule mwenye miwani alikuja mara moja tu,
Jumanne, saa nne, akatoka na karatasi.
Sisemi kitu. Nilikuwa nimeinama,
nafunga kamba ya kiatu.
Nilikuwa nimevaa ndala.

Basi, kuku.
Aliingia kwa dirisha lisilopanda
akataga chini ya usukani, pale penye pedali.
Nilitaka kumfukuza. Akanitazama
kwa jicho la mtu aliyekwisha kupewa namba.
Nikachora duara kwenye kalenda.
Jumamosi tatu sikuwasha gari,
ningemwashiaje na ameatamia klachi?
Betri ikafa, kimya, bila kusumbua mtu.
Na siku ya ishirini na moja, leo alfajiri,
hakusema mtandao uko chini,
hakusema njoo wiki ijayo:
vifaranga tisa, wengine bado wabichi,
mmoja amepanda juu ya breki.

Sikuombi upendeleo, afande.
Hata kufeli nimejiandaa, kufeli nako ni siku.
Nipe tarehe. Iwe mbali, iwe msimu wa kupogoa,
niichoree duara lake
na nimjibu Nyemo akiuliza.

Unalamba kidole. Unafungua.
Chibago, Chibago…
Ukurasa wa saba.

Haya.
Tumesogea kurasa mbili.
Nitawaambia wale tisa.