Hayumo

Jumamosi, mvua inagonga mabati kama mdai,
na Bisimwa amekipangusa kioo cha televisheni kwa mkono wa shati
kama padri na kikombe chake.
Leo ni zamu yake kuchagua.
Basi najua: ni nyeusi na nyeupe,
ni ile sidi ya soko la Kadutu yenye jalada lililochanika,
kutakuwa na ukungu, na kofia,
na bwana mmoja avutaye kiko asiye na haraka ya kwenda popote.
Wote wataongea Kifaransa, hata mbwa.

Mimi sipendi. Niseme mapema kabla sijaitwa shahidi.
Mimi ni mtu wa filamu za harusi zinazovunjika kanisani,
za mama mkwe anayekuja kuumbuka mwishoni,
ingawa hizo nazo sizifaidi vizuri
mama yake Bisimwa akiwa kiti cha pembeni, kama leo,
anachambua maharage kwenye ungo.

Dakika ya nane, bwana wa nyumba amekufa.
Yuko chini, juu ya zulia, viatu vinang'aa.
Watu wamemzunguka na vikombe vya chai.
Mama Nsimire anainua uso:
"Na kilio kiko wapi?"
"Ngoja, mama. Wanamtafuta aliyemuua."
"Mimi namtafuta anayemlilia,"
na harage moja bovu likaruka dirishani.

Tangu hapo filamu ikaniharibikia,
au ikanitengenekea, sijui.
Inspekta anapima majivu, ananusa glavu,
mimi namtazama mtumishi wa jikoni
aliyeingizwa kwenye picha mara tatu, abebe sinia, atoke.
Nani amemwambia aendelee kupika?
Mshahara wa mwezi huu atamdai nani?
Anapita nyuma ya mabega ya watu wenye majina
na macho yake, nukta moja tu, yanashuka kwenye zulia.
Nikamwambia Bisimwa, "Huyu alimpenda marehemu."
Akasema, "Huyo hayumo."

Hayumo.

Bisimwa ni karani wa mahakama, mwaka wa kumi na nne huu.
Hurudi na vumbi la mafaili kwenye nyusi.
Kuna kabati huko, aliniambia siku moja akinawa,
mlango wake haufungiki tena.
Limejaa mwandiko wake mzuri:
aliyekufa, tarehe, mahali,
na mbele ya neno "mshtakiwa", nafasi.
Si kwamba hajulikani.
Mtaa mzima unamjua. Muuza makaa anamjua,
watoto wanamjua kwa mwendo.
Ni nafasi tu, nyeupe,
safi kama shuka ya mgeni.

Sikuwahi kuyaunganisha mambo haya mawili.
Leo ndiyo naona anavyokaa:
magoti pamoja, kifua mbele,
kama mtu kwenye benchi la hospitali anayesubiri kuitwa jina.
Inspekta amewakusanya wote sebuleni.
Amefunga mlango. Anatembea. Anainua kidole,
na Bisimwa, ambaye hii ameitazama mara tisa,
anazuia pumzi

na umeme ukakatika.

Mlima wote wa Kadutu ukasema "aaah" kwa koo moja.
Gizani, ungo ukaendelea: cha, cha, cha.
Na mimi, nisiyependa,
niliyepanga kusinzia dakika ya ishirini,
nikausikia mdomo wangu: "Ni nani?"

Kimya. Nikadhani ananiringia.
Kisha akasema polepole, kama asomaye hati,
"Ukiambiwa hivi hivi gizani, si kitu.
Lazima atamke yeye,
mlango umefungwa, na wote wamekaa."

Nikapapasa kiberiti.
"Na yule wa sinia," akauliza Mama Nsimire,
"alipewa kiti?"

Mshumaa ukashika. Nikauona uso wa mume wangu
ukirudi nyuma, chumba kwa chumba,
katika nyumba ile yenye ukungu.
Mara tisa.
Hakukumbuka.

Nikayapokea maharage, nikayainjika.