Mstari wa Kalamu

Hospitalini Newala nilishazoea:
jina, umri, kijiji, basi.
Dole gumba kwenye wino, dole gumba kwenye karatasi,
muuguzi kanishika mkono kama wa mtoto,
nami natazama kalenda ya chama cha msingi,
mwezi wa kumi, korosho zinadondoka bila mimi.

Safari hii kidole chenyewe ndicho kesi.
Cha mguu wa kushoto, na jirani yake,
vyeusi kama korosho iliyosahauliwa kwenye bati.
Haviumi tena. Hilo, kasema Daktari Ngonyani, ndilo baya.

Akavuta kigoda, akakaa.
Akachora mguu nyuma ya boksi la glavu.
"Tukikata hapa, ni vidole viwili.
Kidonda kitachelewa, utasafishwa Jumanne na Ijumaa,
na kinaweza kukataa, tukarudi kukata tena.
Au hapa, chini ya goti. Mara moja.
Ila utajifunza kutembea upya."
Akanyamaza.

"Wewe ndiye daktari," nikamwambia.
"Ndiye," akasema, akaendelea kunyamaza.

Mjomba alishapiga simu kutoka Kitangari:
wasikate hata ukucha.
Binti yangu Somoe anataka wakate pakubwa, yaishe.
Wote wana miguu miwili.

Nikamtega: "Angekuwa mama yako?"
Akaifunika kalamu. Akaifunua.
"Alikuwa mama yangu. Sikumwuliza.
Nilipakata vizuri, pakapona upesi.
Miezi miwili alipokea chakula mkononi mwangu
bila kunisemesha."

Feni haikuwa inazunguka. Mtu alikohoa wodini.
Basi nikaanza kumwambia ambayo fomu haiyaulizi:
maji yetu yako bondeni, njia ni mawe;
mikorosho thelathini na minne, na mokotaji ni mimi;
choo chetu cha kuchuchumaa;
na kwamba kisu sikiogopi, naogopa nusukaputi.
Akaandika. Hata choo aliandika.

"Vidole," nikasema mwishowe.
"Lakini nitajuaje kama nimekosea?"
"Kama tumekosea," akanisahihisha,
akachora mstari wa bluu karibu na kifundo.
"Weusi ukifika hapa, hatubishani tena.
Unakuja siku hiyo hiyo, hata usiku."

Wino ulipoletwa nikausogeza kando.
Nisomee kwanza. Yote.
Muuguzi akasoma akiruka maneno,
nami nikamrudisha.

Hii ni wiki ya nne. Sijui bado.
Mjomba hajapiga tena simu.
Naoga nikiukwepesha maji mstari ule,
na ukififia Somoe anaukoleza
kwa kalamu ya shule ya mwanawe,
kainama, ulimi kaubana kwa meno,
asije akausogeza hata kidogo, juu wala chini.