Maoni Mengine

Saa kumi alfajiri, machinjio ya Mpwapwa
hayana mlango. Yana baridi tu
inayoshuka kutoka milima ya Kiboriani
na kuushika mkono kabla mkono haujashika kisu.
Balbu moja. Sakafu imepasuka kama kisigino.
Mimi ni Sechelela, binti Chidawali,
muhuri wa Serikali umo mfukoni mwangu,
wino wake wa zambarau umeshaniharibia makoti mawili.

Ng'ombe wa pili ni wa mama mmoja wa Chunyu.
Nimepasua pafu, kisu kikalia
kana kwamba kimekata mchanga.
Vinundu. Vya njano, vigumu.
Nimepasua tezi: na humo.
Malugu mwenye bucha ameacha kupiga mluzi.
"Sista, toa hapo palipooza, kwingine kuzima."
Diwani naye ameshapiga simu mara mbili,
kesho anamwaga binti yake, wageni mia tatu,
na mimi si mtoto wa hapahapa?

Chuo kiko upande ule, taa zake naziona.
Ndiko Mwalimu Ndahani, na chaki iliyovunjika,
alikotufundisha muhuri huu ulikopita.
Chikago, aliandika, elfu moja mia tisa na sita.
Watu wametoka Ulaya na mizigo ya kamba,
lugha ya msimamizi hawaijui,
wanashinda wima ndani ya damu iliyoganda,
kikohozi cha mmoja kinatua kwenye nyama ya wote,
na kidole kikikatika
mashine haisimami kukiuliza jina.
Habari zikaandikwa. Nchi ikasoma, ikaweka uma chini.
"Ililia kidole?" akauliza Mwalimu.
Tukakaa kimya.
"Ililia soseji."
Mwaka uleule sheria ikapita, wakaguzi wakapewa mihuri,
na waliosimama kwenye damu
wakaendelea kusimama,
ila sasa sakafu inaoshwa.

Tulicheka. Tulikuwa na miaka ishirini.
Jioni tukaenda kula nyama choma.

Nimeandika: mzoga wote, umekataliwa.
Mama wa Chunyu hakulia.
Aliuliza kama ngozi atapewa, nikasema hapana,
akaketi juu ya tofali, akahesabu kwa vidole
vitu ambavyo sikuviuliza.
Sheria yangu ina kisu, haina mfuko.
Diwani amekata simu mwenyewe.

Shimo amelichimba Lameki.
Ana miaka kumi na mbili, au kumi na mmoja, inategemea anayeuliza.
Ndiye muosha utumbo wetu,
kwa elfu mbili na kipande cha bandama.
Miguu mitupu, na katikati ya vidole
ngozi imekuwa nyeupe kama ukurasa ulionyeshewa.
Tulipomwaga dizeli alichungulia ndani.
"Dada, huyu angetuua?"
"Angeweza."
Akatabasamu, kama mtu aliyesikia amehesabiwa,
akarudi kusimama mferejini.

Fomu ina safu kumi na moja.
Jinsi, umri, rangi: vya ng'ombe.
Viungo vilivyotupwa, kwa kilo.
Sababu.
Nimezijaza zote kwa mwandiko mzuri.
Chini kabisa kuna Maoni mengine,
mstari ambao kwa miaka sita
nimekuwa nikiupiga kistari na kwenda kunywa chai.

Leo nimemwita Lameki akanyage mfuko wa saruji,
nikauzungushia unyayo wake kalamu,
nikaupima kwa rula ya ofisi.
Gambuti, nimeandika, jozi moja, namba thelathini na tatu.

Jua limechomoza nyuma ya mizani.
Nimeusoma mstari wangu mara mbili,
nikaona ninachofanya:
ninaosha sakafu.

Nimekata neno gambuti.
Nimemuuliza jina lake lote, la baba na la babu,
na darasa aliloachia.
La nne, amesema, huku akijifuta mikono.
Nimeandika hayo,
na kwa kuwa nafasi ilikwisha
nimegeuza karatasi.