Mwiko wa Aulikki

Miaka arobaini na miwili mwiko ulikuwa mwiko kwangu.
Niliujua kwa mlio tu: navua buti mlangoni,
napangusa theluji mabegani,
nausikia ukigonga ukingo wa sufuria,
basi chakula kipo.
Kilitoka wapi, sikuuliza.
Lori langu la magogo nalo halikuwahi kuniuliza
dizeli naitoa wapi.

Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
kiharusi kikamchukua Aulikki upande wa kulia
pamoja na maneno yake yote,
hata jina langu, Reijo, ambalo wala si refu.
Aprili wakamrudisha Kemijärvi kwenye kiti cha magurudumu.
Nesi kijana, kalamu mkononi, akaniuliza:
"Hapa nyumbani anapika nani?"
Nikageuka kutazama nyuma yangu.

Sasa yeye hukaa dirishani, mwiko mkono wa kushoto.
Akigonga kiti mara moja: ndiyo.
Mara mbili: sivyo.
Nne, tano, sita mfululizo:
we mwanamume, unaunguza nyumba.

Viazi huanza na maji baridi; yale ya moto niliyamwaga, amri ya mwiko.
Sufuria kubwa iko kabati la chini, nyuma ya zote,
na mtaka cha mvunguni, magoti yangu ni mashahidi.
Soksi nyekundu haifuliwi na mashuka.
Tumelalia waridi tangu Mei, na hakuna aliyekufa.
Kitufe cha sweta yake nilikishona vizuri,
imara, uzi mara sita,
kwenye suruali niliyokuwa nimeivaa.
Nilipoinuka sweta ikanifuata.
Akacheka kwa nusu ya mdomo,
ile nusu nyingine ikijaribu.

Lakini supu ya samoni.
Nilitia chumvi. Akagonga mbili.
Nikaongeza. Mbili.
Nikaongeza tena, nimekasirika sasa,
nimeendesha tani sitini juu ya barafu, mimi,
nashindwaje na kijiko cha chumvi?
Mbili, mbili,
kisha akanyoosha mkono, ukitetemeka,
akanigusa midomo kwa ncha ya mwiko.

Onja.

Ndilo alilokuwa akisema. Onja.
Wala halikunijia.
Maisha yangu yote chakula kilinifikia kimeshakwisha kuamuliwa,
kama taarifa ya habari.
Supu ile mbwa wa Ylitalo aliitazama,
kisha akanitazama mimi.

Kilichonishinda zaidi ni uji wa shayiri,
kwa sababu ya maziwa.
Maziwa hayana adabu: ukiyakodolea macho yanalala,
ukipepesa yako juu ya jiko.
Ila Aulikki hugonga kabla hayajapanda,
naye yuko nje na macho yake, kwenye misonobari.
Anajuaje?
Wiki nzima nimesimama hapo kama mjinga
mpaka siku nikafumba macho, nikafanya nilivyofanya barabarani
usiku, nikitafuta skrubu iliyolegea chini ya mzigo:
nikasikiliza.
Mluzi mwembamba pembeni mwa sufuria.
Unapanda. Halafu kimya,
kifupi, kama injini kati ya gia na gia.
Hapo ndipo.
Arobaini na miwili, na sikujua kwamba alikuwa na sikio la dereva.

Leo asubuhi nimekoroga peke yangu.
Mluzi umekuja, kimya kimekuja, nimeinua sufuria,
na papo hapo kugonga, kwingi, kwa kasi, kwa fujo!
Nimezima jiko. Nimekagua sakafu, kitambaa, mkono wangu wa shati.
Hakuna kinachowaka.
Nimegeuka: mwiko umelala mapajani mwake.
Ni kigong'ota, huko nje, kwenye msonobari,
na yeye anamtazama,
jikoni amenigeuzia mgongo.

Uji umeshika kidogo chini.
Nimeukwangua ule ukoko, nikauonja,
nikampelekea na wenyewe.